Somo: "A", "an" na "the" kwa anayewaza kwa Kiswahili

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana anayeongoza watalii Arusha, aliwaambia wageni wake wakati wa kifungua kinywa, "Yesterday we saw the leopard." Mgeni mmoja akaweka kikombe chini, akauliza ni chui yupi huyo. Kijana alikuwa amewaza kwa Kiswahili, "Jana tulimwona chui," na ile "m" iliyomo ndani ya "tulimwona" ndiyo iliyomvuta kwenye "the". Nalipenda kosa hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba Kiswahili kina njia zake za kutenganisha kinachojulikana na kisichojulikana, ingawa hakina neno maalumu la kazi hiyo, yaani kile ambacho wanasarufi hukiita kibainishi.

Hatua ya kwanza: jiulize kama msikilizaji wako anajua ni kipi.

Anayeulizwa ni msikilizaji, si wewe. Linganisha "Nimenunua kitabu" na "Nimekinunua kitabu". Sentensi ya kwanza ni "I have bought a book". Ya pili inahusu kitabu ambacho tumekwisha kukizungumzia, kwa hiyo ni "I have bought the book". Kipimo hiki hufaa kwa vitu, lakini kwa watu na wanyama hakiaminiki, maana Kiswahili hudai "m" hata pale anayetajwa asipojulikana: "Nimemwona mtu mlangoni." Hapo chukua kipimo cha hadithi: "Hapo kale palikuwa na mfalme mmoja. Yule mfalme alikuwa na binti." Mfalme mmoja ni "a king", na yule mfalme ni "the king". Ulinganifu huu si wa kubahatisha, kwani "a" na "an" zimetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya moja, na "the" imetokana na kionyeshi kilichofanya kazi kama ya "yule". Chui wa Arusha, ambaye hakuwa ametajwa kabla, alistahili "a leopard".

Kuna vitu vinavyojulikana bila kutajwa. Ukimwambia mtu mliye naye chumbani "Zima taa", hatauliza taa ipi. Sema "Turn off the light". Jua nalo ni moja tu, hivyo ni "the sun".

Hatua ya pili: jiulize kama Kiingereza hukihesabu kitu hicho.

Nasema Kiingereza, kwa sababu hesabu za Kiswahili zitakupotosha. Sisi tuna mzigo na mizigo, lakini "luggage" haina wingi wala haipokei "a". Ndivyo ilivyo kwa "furniture", "advice", "information" na "equipment". Ukitaka kutaja kimoja, sema "a piece of advice".

Hatua ya tatu: angalia kama unasema kwa ujumla.

Kiambishi "hu" cha mazoea kitakusaidia mara nyingi. "Simba hula nyama" ni "Lions eat meat", wingi usio na kibainishi, na nyama nayo imebaki tupu.

Hatua ya nne ni ya sikio tu: "an" hutangulia sauti ya irabu, hata kama herufi ni konsonanti. Tunasema "an hour", kwa kuwa "h" haitamkwi, lakini "a university", kwa kuwa neno huanza kwa sauti ya "yu".

Maswali ya wanakikundi

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini "the Gambia", lakini Kenya haina kitu?

Jibu: Marahaba. Majina mengi ya nchi hukaa peke yake. Gambia ilichukua jina la mto, na mito huwa na "the": "the Rufiji", "the Tana". Majina yenye umbo la wingi nayo huichukua, kama "the Comoros" na "the United States". Ziwa moja au mlima mmoja hauitaki, ndiyo maana tunasema "Lake Victoria" na "Mount Kilimanjaro", lakini safu ya milima huitaka: "the Usambara Mountains".

Swali: Mimi niko Lubumbashi na nimesoma kwa Kifaransa. Je, nitumie vibainishi vyake kama mwongozo?

Jibu: Kwa kitu kinachojulikana, ndiyo. Kwa mambo ya jumla, hapana. Kifaransa husema "J'aime le café", lakini Kiingereza husema "I like coffee". Katika hatua ya tatu, Kiswahili chako kitakufaa zaidi.

Swali: Nimesoma "He is in hospital" na pia "He is in the hospital". Ipi ni sahihi?

Jibu: Zote. Kwa Waingereza, ya kwanza ina maana kwamba amelazwa, na ya pili kwamba yumo ndani ya jengo, pengine amekwenda kumwona mgonjwa. Wamarekani hutumia "in the hospital" hata kwa aliyelazwa, kwa hiyo kabla hujamsahihisha mwenzako, tazama kwanza anafuata Kiingereza cha wapi.