Somo: Namna ya kusali kila siku kutokana na andiko ulilosoma

Shalom wapendwa. Hili somo nililiahidi muda mrefu, leo nimepata nafasi naliandika lote kwa mkupuo mmoja kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Kwanza niseme nilikokosea mimi. Miaka mingi nilikuwa naanza na maombi, naomba weee, orodha ile ile, kazi, afya, ada, ndugu, afu mwishoni nasoma mstari mmoja harakaharaka kama mtu anayemeza kidonge, amina, nimelala. Ungenirekodi Jumatatu ukacheza ile rekodi mpaka Ijumaa usingeona tofauti. Kilichonigeuza ni Danieli 9. Angalia mstari wa 2 na wa 3, Danieli anaanza kwa kusoma aliyoandika nabii Yeremia, anakuta ile miaka 70 ya ukiwa wa Yerusalemu, NDIPO anamwelekea Mungu kwa kufunga na majivu. Yaani andiko ndo lilimpa cha kuombea. Na Matendo 4 ni hivo hivo, mitume wametishwa, waumini wanakusanyika wanaanza na maneno ya Zaburi ya 2, na wakifika kwenye ombi lenyewe hawaombi vitisho viishe, wanaomba ujasiri. Bila ile zaburi sijui kama wangeomba hivo, mi nisingeomba.

Sasa twende.

Hatua ya 1. Andiko la kesho lijue leo. Ukiamka ndo unafunguafungua utaishia kutafuta linalokupendeza. Chukua kitabu kimoja ukifuate, Marko ni mzuri kuanzia, sura 16 tu, mistari 10 hadi 15 kwa siku inatosha. Kama kanisa lenu lina masomo ya siku ushasaidiwa, chukua Injili ya siku.

Hatua ya 2. Soma mara mbili, ya pili kwa sauti hata ya kunong'ona. Kama unasomea kwenye simu zima data, sina la kuongeza hapo, mnajijua.

Hatua ya 3. Hapa ndo penyewe. Jiulize kwanza nani anaongea na nani na kuna nini kinaendelea, halafu ndo uulize neno gani limenikamata. Usibadilishe mpangilio. Mfano Marko 10:46-52, Bartimayo kipofu kakaa kando ya njia anapaza sauti, watu wengi wanamkemea anyamaze, yeye anazidisha, Yesu anasimama anasema mwiteni, anatupa vazi lake anaenda, anaulizwa unataka nikufanyie nini. Mara ya kwanza kusali na hili andiko nilitegemea nikamatwe na lile la kuona, si ndo muujiza wenyewe, kumbe nilinaswa na wale wanaomkemea. Nikamkumbuka mdogo wangu ambaye wiki hiyo hiyo alinipigia simu ana shida yake nikamwambia acha kelele, kila mtu ana matatizo. Siku hiyo sikuwa Bartimayo, nilikuwa kwenye lile kundi.

Hatua ya 4. Ligeuze liwe sala, kwa maneno yako ya kawaida. Mi nilisali hivi: "Bwana, we ulisimama, mi nilimnyamazisha. Nisamehe. Leo nampigia, nipe masikio." Basi. Ile orodha yako ya ada na kazi haijakatazwa, ilete baada ya hapo, utashangaa yenyewe inajipanga upya, mengine unayaacha.

Hatua ya 5. Nyamaza dakika mbili. Kisha andika mstari mmoja kwenye daftari, tarehe na lile neno.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mtumishi, nikikutana na majina matupu kama Mathayo 1 nasali nini hapo?
Jibu: Hahaha, wengi wanaruka. Rudi usome polepole, katikati ya wale wanaume kuna Tamari, Rahabu, Ruthu, na aliyekuwa mke wa Uria. Kasome habari zao, afu fikiria Mathayo angeweza kuwaacha na hakuwaacha. Kama kwenu kuna jina ambalo halitajwi mezani, sala yako ya leo hiyo hapo.

Swali: Naogopa nitajisomea mambo yangu kwenye Biblia. Kila andiko naona linaniambia nitafanikiwa.
Jibu: Woga mzuri huo ndugu yangu. Ndo maana nimesema swali la nani anaongea litangulie. Chukua Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote, watu wanausalia mtihani na biashara, lakini panda mstari mmoja juu, Paulo anaongelea kushiba na kuona njaa, na barua yenyewe anaiandika akiwa kifungoni. Ukishajua hivo huwezi kuusali vile vile, unaomba utulivu wa kupungukiwa pia. Sala ngumu hiyo, nakuonya.

Swali: Nina mtoto mchanga, nusu saa siipati kabisa.
Jibu: Hongera dada. Zaburi 117 ina mistari 2 tu, unaimaliza ananyonya. Hatua ya 3 ifanye ukiwa unamtembeza usiku, daftari achana nalo kwa sasa.

Swali: Nimefanya wiki tatu, sisikii kitu. Nakosea wapi?
Jibu: Huenda hukosei popote. Umesoma Zaburi ya 88? Nyingi za kilio zinageuka mwishoni zinakuwa sifa, hiyo haigeuki, inaishia gizani, na bado ni sala, iko ndani ya Biblia na watu wanaisali mpaka leo. Kesho soma hiyo, usitafute neno la kukukamata, isome tu kwa sauti mpaka mwisho. Afu uniambie.