Kujaribu dodoso kabla ya kwenda uwandani

Mwanafunzi wa uzamili akikosea kwenye uchambuzi, atachambua upya. Akikosea kwenye dodoso, yaani fomu ya maswali ya kuwahoji watu, anagundua baada ya kaya 300 kuhojiwa na nauli kwisha. Kwa hiyo tenga wiki tatu za kulijaribu. Mwongozo huu ni wa utafiti wa kaya Tanzania unaohoji kwa Kiswahili.

Kibali kwanza, maana hata majaribio ni utafiti. Kwa Tanzania Bara, barua ya chuo kwa kawaida huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikashuka kwa mtendaji wa kata hadi mtendaji wa kijiji au mtaa. Beba nakala za kutosha; kila ofisi hubaki na yake.

Ikiwa dodoso liliandikwa kwanza kwa Kiingereza, wape watu wawili watafsiri, kila mmoja kivyake, kisha mlinganishe swali kwa swali. Mtu wa tatu ambaye hajaona lile la Kiingereza alitafsiri la Kiswahili kurudi Kiingereza, mlilinganishe na la mwanzo. Penye tofauti kubwa, mara nyingi swali lenyewe halikuwa wazi tangu mwanzo.

Sasa hoji watu 8 hadi 10 wanaofanana na walengwa wako. Baada ya kila swali gumu, uliza: "Kwa maneno yako, umeelewa nimeuliza nini?" na "Umefikaje kwenye jibu hilo?" Hapa ndipo makosa mengi hufichuka, na hatua hii ndiyo wanafunzi wengi huiruka. "Unafanya kazi?" Mama anayelima ekari mbili atajibu hapana, kwa sababu kwake kazi ni ya kuajiriwa. Muulize shughuli moja moja: kulima, kufuga, kuuza, kibarua. "Kipato" nacho wengi hukisikia kama mshahara. "Watoto wako wangapi?" huingiza watoto wa ndugu, basi tenganisha aliowazaa na anaowalea. "Gunia" si kipimo mpaka ujue kama ni la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo. "Wiki iliyopita" kwa mmoja ni Jumatatu hadi Jumapili, kwa mwingine ni siku saba zilizopita. Taja siku zenyewe. Na swali la "maji na umeme" kwa pamoja ligawe mara mbili, kwani aliyeridhika na kimoja hana la kujibu.

Saa huharibu data kimyakimya. Mhojiwa akisema anaamka saa kumi na moja alfajiri, kwenye simu ni 05:00. Mdadisi (anayehoji) mmoja akiandika 11 na mwenzake 5, huwezi kutofautisha baadaye. Kubalianeni kwamba mhojiwa hutaja saa ya Kiswahili, na mdadisi huigeuza palepale.

Baada ya marekebisho, pakia fomu kwenye simu, kwa mfano kwa KoboToolbox, programu ya kukusanya data hata bila mtandao, ujaribu kaya 20 hadi 30 katika kata inayofanana na yako lakini isiyo kwenye sampuli, yaani kaya ulizochagua kwa utafiti wenyewe. Rekodi muda wa kila mahojiano. Yakizidi dakika 45, punguza maswali. Wahojiwa waliochoka huanza kujibu "ndiyo" kwa kila kitu. Usitumie 99 kwa "sijui" kwenye swali la umri: kuna bibi mwenye miaka 99, na wastani utapanda bila wewe kujua. Tumia -98, na uiondoe kabla ya kukokotoa chochote.

Jioni ileile fungua data. Swali ambalo karibu wote wamelijibu sawa halikufundishi kitu. Lenye "sijui" nyingi rudi ukalisikilize tena. Swali lililorukwa huenda ni fomu iliyokosewa, wala si mhojiwa aliyekataa. Kaya hizi za majaribio zisichanganywe na sampuli yako, na mabadiliko makubwa yarudi kwa msimamizi na kamati ya maadili kabla ya kuendelea.

Kila badiliko liandike kwenye daftari lenye safu nne: tarehe, swali la zamani, swali jipya, sababu. Litakusaidia kuandika sura ya mbinu, na litakusaidia zaidi siku ya usaili wa kazi ya ufuatiliaji na tathmini. Waombaji wengi husema tu kwamba "wanajua kukusanya data". Wewe onyesha maswali matatu uliyoyabadilisha, kilichokufanya uyabadilishe, na majibu yalivyotofautiana baada ya hapo. Kabla ya kulionyesha, futa majina ya wahojiwa na ya vijiji vyao.