Jinsi ya kuomba kibali cha kuchunguza virusi vya utumbo wa ngamia

Anza na andiko la utafiti, fomu baadaye. Andiko lieleze unatafuta virusi gani na kwa nini. Rotavirusi hujulikana kwa kuwaharisha ndama wachanga. Pikobirnavirusi, kwa upande mwingine, hupatikana hata kwa wanyama wazima wasio na dalili yoyote. Kuna pia hepatitisi E aina ya 7 (virusi vya homa ya ini), ambayo imeonekana kwa ngamia na pia kwa mgonjwa aliyekuwa akitumia nyama na maziwa ya ngamia.

Kukuta virusi kwenye kinyesi hakuthibitishi kwamba ndivyo vilivyomfanya mnyama augue. Liseme hilo bila kuficha, kisha panga kulinganisha ndama wanaoharisha na wasioharisha, wa rika moja na kundi moja. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ombi linapopata nguvu, kwa sababu mfugaji anataka kujua kinachomuulia ndama, wala orodha ya majina ya virusi haimsaidii.

Idadi ya wanyama nayo iwe na hesabu. Ikiwa virusi vimeenea kwa asilimia 5 ya kundi kubwa, utahitaji ngamia 59, waliochaguliwa bila upendeleo, ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja aliyeambukizwa, mradi kipimo chenyewe hakikosei.

Andiko likikamilika, lipeleke kwa kamati ya maadili ya utafiti. Kuokota kinyesi kibichi mara tu kinapodondoka hakumsumbui mnyama. Kuingiza kijiti cha pamba kwenye njia ya haja kubwa kunadai ngamia ashikwe, kwa hiyo eleza nani atamshika na utaacha lini akihangaika. Ambatisha fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa mwenye mifugo, ikitaja ni lini na kwa njia gani atapewa majibu.

Fomu hiyohiyo imwambie mapema kwamba ugonjwa wa kuripotiwa ukionekana, serikali itaarifiwa. Maambukizi ya virusi vya MERS (ugonjwa wa njia ya hewa unaoweza kumpata hata binadamu) kwa ngamia yamo katika orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Si haki mfugaji alijue hilo baada ya sampuli kuchukuliwa.

Kisha omba idhini ya mamlaka ya mifugo ya nchi husika. Ambatisha barua ya kamati, ramani ya maeneo, ratiba, jina la maabara na mpango wa kujikinga: glavu, barakoa, viatu vya kuoshwa kwa dawa kati ya boma na boma. Taratibu hutofautiana, hivyo uliza kwanza kama kibali cha utafiti cha taifa hutangulia.

Sampuli zikivuka mpaka, kazi huongezeka. Tafuta kibali cha kuingiza kutoka nchi ziendako kabla ya kile cha kutoa. Mikataba ya kugawana faida chini ya Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki yaliyoanza kutumika mwaka 2014, huenda ikahitajika. Sampuli za kawaida za uchunguzi husafirishwa kwa namba UN 3373 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha mizigo hatari), katika vifungashio vya tabaka tatu. Barafu kavu ina namba yake, UN 1845.

Kibali kikitoka, soma masharti na tarehe ya mwisho. Ukitaka kuongeza eneo, idadi ya ngamia au aina ya sampuli, andika barua ya marekebisho na usubiri jibu kabla ya kurudi malishoni.