Somo: Kununua nyumba vijijini Marekani bila kianzio

Ndugu zetu wengi wa Cedar Rapids, Iowa, wanalipa kodi ya nyumba mwaka hadi mwaka wakiamini kwamba bila maelfu ya dola mkononi hakuna nyumba. Vuka uende kaunti jirani ya Benton, kwenye mji mdogo wa Vinton, hesabu inabadilika. Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, ina mikopo ya nyumba za vijijini iliyotokana na sheria ya mwaka 1949, na anayestahili halipi kianzio, yaani malipo ya awali ya bei ya nyumba, hata senti. Si lazima uwe mkulima. Shamba la biashara, tena, halikubaliwi.

Hatua ya 1: Chagua mkopo. Ipo ya aina mbili. Wa dhamana unatoka benki. Serikali inaahidi kuifidia benki sehemu kubwa ya hasara ukishindwa kulipa. Kipato cha kaya kisizidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo. Wa moja kwa moja unaombwa ofisi ya USDA yenyewe, kwa wenye kipato kidogo. Ruzuku yake inaweza kushusha riba hadi asilimia 1, lakini ukiuza nyumba au kuhama unaweza kudaiwa sehemu ya ruzuku hiyo.

Hatua ya 2: Hesabu kipato cha kaya nzima. Hapa ndipo watu wetu wanapokwama, kwa sababu tunaishi wengi pamoja. Kipato cha kila mtu mzima anayelala humo kinahesabiwa, hata kama jina lake halimo kwenye mkopo. Mjomba wa zamu ya usiku kiwandani, mliyempa chumba cha chini, naye yumo. Msimfiche: kudanganya kwenye fomu ya serikali ni kosa la jinai. Kuna unafuu pia. Kwa mkopo wa dhamana, kaya ya watu 5 hadi 8 ina kikomo cha juu kuliko ya watu 1 hadi 4, na gharama za kulelewa watoto wa miaka 12 kushuka chini ili mzazi aende kazini hupunguzwa kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Pima anwani. Tovuti ya USDA ina ramani ya maeneo yanayokubaliwa. Andika anwani kamili ya nyumba. Jina la mji peke yake halitoshi.

Hatua ya 4: Nenda benki na karatasi. Hati za mshahara, W-2 (fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka) za miaka miwili, taarifa za akaunti. Alama za krediti, yaani namba inayopima unavyolipa madeni, zikiwa 640 na zaidi hurahisisha njia. Kama huna historia ya krediti, omba wakupime kwa rekodi za kodi ya nyumba, umeme na simu.

Hatua ya 5: Nyumba yenyewe. Mthamini wa benki anaangalia thamani. Wewe mlipe mkaguzi wako, hasa kwenye nyumba yenye kisima na shimo la maji taka. Benki ikimaliza, faili linakwenda USDA kupata idhini, kwa hiyo mwambie dalali asiweke tarehe ya kubana.

Ada zipo mbili kwa mkopo wa dhamana: asilimia 1 mwanzoni, ambayo unaweza kuiongeza kwenye deni, na asilimia 0.35 kila mwaka. Kwa mkopo wa dola 180,000, hiyo ni dola 1,800, kisha kama dola 53 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza.

Maswali ya wanachama

*Nina green card, uraia bado. Naruhusiwa?*
Ndiyo, dada. Peleka kadi yenyewe pamoja na karatasi nyingine.

*Naweza kuinunua niipangishe, mimi nibaki mjini?*
Hapana, kaka. Lazima uishi humo, iwe ndiyo makazi yako makuu.

*Kama hakuna kianzio, basi niende mikono mitupu?*
Usifanye hivyo. Kuna gharama za kukamilisha ununuzi. Jadiliana na muuzaji. Anaruhusiwa kuchangia hadi asilimia 6 ya bei. Na mthamini akiipa nyumba thamani kubwa kuliko bei, gharama hizo zinaweza kuingizwa kwenye mkopo hadi kufikia thamani hiyo.

*Kaka yangu aliyeko Nairobi anataka kunichangia. Benki itakataa?*
Zawadi ya ndugu inakubaliwa. Aandike barua kwamba hadai kurudishiwa, na pesa ipite benki ili njia yake ionekane. Noti za mkononi zisizo na karatasi ndizo zitakazokuletea shida.