Mbwa Akibadilika Ghafla, Usimtie Mkono Mdomoni

Mbwa wa boma ana mazoea yake. Unajua hulala wapi, humbwekea nani, na hukimbilia chakula saa ngapi. Akiyaacha mazoea hayo ghafla, tafuta sababu siku hiyo hiyo, maana huenda ikawa ni kichaa cha mbwa.

Huku Siaya, Kakamega na Bungoma, magharibi mwa Kenya, wengi wakisikia kichaa hufikiria mbwa mkali anayekimbia barabarani akiuma kila anachokutana nacho. Huyo yupo. Lakini yuko mwingine aliye kimya, na kwa maoni yangu ndiye hatari zaidi kwa familia. Amejikunyata gizani chini ya ghala, hataki kula, taya la chini limelegea, denda linamtoka na sauti imekauka. Ukimtazama utadhani mfupa umemkwama kooni. Hapo ndipo mwenye mbwa humpanua mdomo na kuingiza mkono wenye michubuko ya jembe, akitafuta mfupa ambao haupo. Virusi viko kwenye mate, na mchubuko mdogo unatosha kuvipitisha.

Hata ng'ombe huwadanganya watu hivyo hivyo. Akiumwa na mbwa mgonjwa, baada ya muda huanza kulia kwa sauti nzito, kutoa mate na kushindwa kumeza, na mkulima husema amekwamwa na gunzi au embe. Usimtie mkono naye.

Dalili nyingine ni mbwa mkali kuwa mpole kupita kiasi, au mpole kugeuka mkali, kutafuna kuni, mawe na udongo, kutangatanga, kuyumba miguu ya nyuma. Waulize majirani kama katika miezi iliyopita aliwahi kupigana na mbwa mgeni. Ugonjwa huchukua wiki kadhaa hata miezi kabla ya kujitokeza, na ukishajitokeza mbwa kwa kawaida hufa ndani ya siku 10.

Ukimshuku, usiite vijana wenye rungu. Akiwa stoo au kwenye kibanda, funga mlango kwa nje, weka watoto mbali, kisha mpigie simu afisa wa mifugo wa wodi. Akifa, usimguse kwa mikono mitupu wala usimzike kabla afisa hajafika, kwa kuwa uhakika hupatikana kwa kupima ubongo katika maabara ya mifugo kama ile ya Kabete, Nairobi. Kichwa kilichopondwa hakifai kupimwa.

Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye jeraha, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apewe chanjo. Asipake mafuta ya taa wala majani, na asingoje kuona mbwa atafanya nini. Dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara huishia kifo.

Si kila mabadiliko ni kichaa, ila uliza la kichaa kwanza. Kama jana mlinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, na leo mbwa anatetemeka, anatapika na kutoa mate, huenda alilamba ndoo, au mtu alimpaka dawa hiyo hiyo kwa kipimo cha ng'ombe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa. Jike anayenyonyesha akianza kuhema na kukakamaa, huenda madini ya kalisi yamemwishia mwilini, naye hawezi kungoja kesho. Anayenguruma ukigusa sikio ana maumivu. Mara nyingi utakuta kupe au usaha ndani. Mbwa mzee asiyeona vizuri huuma kwa kushtuka, basi mwite jina kabla ya kumgusa. Na kwa radi za Kakamega, mbwa anayejificha mvua ikinguruma kisha akarudi kula kama kawaida ameogopa tu.

Chanjo ya kichaa hutolewa mtoto wa mbwa akifika miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Kaunti nyingi hufanya kampeni za chanjo, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwulize afisa wa wodi yako tarehe na mahali. Kadi ya chanjo iweke pamoja na rekodi za ng'ombe, kwa sababu siku mbwa atakapobadilika, afisa ataiulizia kabla ya jambo lingine lolote.