Kusubu machubwi ya risasi kwa wavu na mshipi

Wenzangu wavuvi wa Dunga, Usenge, Mbita na Port Victoria, pamoja na mafundi wa jua kali wa Kibuye mnaowatengenezea vifaa, hamjambo. Mmeomba mara nyingi somo la kusubu machubwi, yaani kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina yawe vizito vya kuzamisha wavu au mshipi, na leo naliandika lote, kuanzia kununua risasi chakavu hadi kulifunga chubwi kwenye kamba ya chini. Kuna jambo moja mtaliona likijirudia kila hatua, nalo ni joto. Risasi iliyopata joto la kadiri hujaa kwenye kalibu, yaani umbo la chuma la kumiminia, bila kasoro na haitoi moshi mwingi. Ikichomwa kupita kiasi, huharibu chubwi na huharibu kifua cha fundi.

Kwanza, kwa nini tuhangaike na risasi wakati mawe yamejaa ufuoni? Chochote kilichozama hupoteza uzito sawa na wa maji kiliyoyasukuma kando. Jiwe la gramu 100 likiingia ziwani hubaki na nguvu ya gramu 62 hivi. Risasi ya gramu 100 hubaki na 91, na ukubwa wake ni kama kidonge cha sentimita mbili na nusu, kwa hiyo hainasi kwenye magugu wala haivutwi ovyo na mkondo. Hiyo ndiyo faida yake yote. Kama unavua karibu na ufuo, maji ni matulivu na jiwe au udongo uliochomwa unakutosha, baki nalo. Mimi simshauri mtu ashike risasi bila sababu.

Kuchagua risasi

Risasi laini ndiyo nzuri. Ikwaruze kwa ukucha: ukucha ukiacha alama, ni laini. Maganda ya nyaya za zamani za chini ya ardhi na mabati ya risasi yaliyozibia paa huwa karibu safi kabisa. Lakini nunua kwa mwenye leseni ya vyuma chakavu na udai risiti. Nyaya za umeme na simu huibwa sana, Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ipo, na mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nzima kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi huo. Usikubali kukutwa na ganda usiloweza kueleza lilikotoka.

Vizito vya magurudumu kutoka kwa mafundi wa tairi vinafaa pia, ila siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Nitaeleza jinsi ya kuvitenga.

Betri za gari, hapana. Nasema hapana kwa moyo wangu wote. Ndani yake mna asidi, mna unga wa risasi unaopeperuka, na mna madini mengine ambayo taka zake zikipata unyevu zinaweza kutoa gesi ya kuua. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kiliacha mtaa mzima na sumu katika udongo na katika damu za watoto, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hata fidia hiyo haiwezi kumrudishia mtoto akili iliyoharibiwa na risasi.

Vifaa na mahali

Chungu kiwe cha chuma, chenye kitako kinene, na kazi yake iwe hiyo tu. Sufuria ya alumini usiiweke: jiko la makaa likipulizwa vizuri hupita nyuzi 660, na hapo alumini yenyewe huyeyuka. Usijaze pia. Kilo 10 za risasi ni chini ya lita moja, kwa hiyo macho hudanganya na mkono huelemewa. Tafuta upawa wa chuma wenye mpini mrefu, koleo, kipimajoto kinachofika nyuzi 500, miwani ya kinga, glavu za ngozi, shati la pamba la mikono mirefu, na viatu vya ngozi vinavyofunika mguu wote. Suruali ipite juu ya viatu, isichomekwe ndani. Kandambili hapana.

Fanyia kazi nje, chini ya paa lisilovuja, mbali na jiko la chakula, kisima, kuku na watoto. Hapa Kisumu mvua hupenda kunyesha alasiri, basi washa jiko asubuhi. Simama upepo ukipita ubavuni pako. Ukiupa mgongo, moshi huzunguka na kukurudia usoni.

Kalibu

Mwombe fundi wa lathe vipande viwili vya chuma vyenye unene wa milimita 20 na kimo cha milimita 40. Avibane pamoja kwenye jiliwa, kisha atoboe tundu la milimita 16 kutoka juu hadi chini, katikati kabisa ya mstari vinapokutana, ili kila kipande kipate nusu ya tundu. Mdomo wa juu apanue kidogo uwe kama faneli. Chini weka bamba lenye kitundu cha kushikilia ufito wa milimita 4 uliosimama wima. Huo ndio utakaoacha njia ya kamba. Ufito uupige tupa uwe mwembamba kidogo upande mmoja, la sivyo hautachomoka. Kalibu hii hutoa chubwi la gramu 85 hivi. Ukitaka zito zaidi, refusha kimo badala ya kupanua tundu. Chubwi jembamba hupita vizuri zaidi kwenye magugu.

Kabla ya kumimina, shika kalibu na ufito juu ya moto wa koroboi hadi vipate masizi mepesi kote. Masizi huzuia risasi isigande kwenye chuma.

Kuyeyusha

Hapa ndipo watu huumia. Tone moja la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja na kutanuka zaidi ya mara 1,600, na risasi yote huruka. Kila kipande kiwe kikavu kabisa. Vipande vyote viweke chunguni kikiwa baridi, ndipo uwashe. Ukilazimika kuongeza baadaye, kipande kipashe moto kwanza kando ya jiko hadi usiweze kukishika kwa mkono mtupu. Na usiweke karai la maji karibu na chungu.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Kaa kati ya 350 na 400. Zinki huyeyuka kwenye 419, kwa hiyo ukilinda kiwango hicho vizito vya zinki vitaelea vikiwa vizima, pamoja na vishikizo vya chuma, nawe utavitoa kwa kijiko. Kama kipimajoto kimeharibika, tazama uso wa risasi safi: ukianza kupata rangi ya dhahabu kisha zambarau na bluu, umezidisha. Punguza makaa.

Risasi ikiwa majimaji yote, dondosha kipande cha nta ya mshumaa chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Itatoa moshi, huenda ikawaka. Rudi nyuma, iache, kisha koroga ukikwaruza kitako na kuta. Nta huirudisha chunguni sehemu ya risasi iliyoshikwa na kutu, na uchafu hupanda juu. Uengue polepole uweke kwenye mkebe wa chuma wenye kifuniko. Majivu hayo ya kijivu ndiyo sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu ni unga.

Kumimina

Pasha kalibu ukingoni mwa jiko. Ikiwa baridi, chubwi hutoka na mikunjo. Ikizidi joto, hutoka jeupe lenye chengachenga. La kwanza na la pili huwa na mikunjo karibu kila mara, yarudishe chunguni. Mimina kwa mkupuo mmoja bila kusita, na uache risasi ijae mdomoni mwa faneli. Ikiganda hunywea, nayo itafyonza kutoka hapo juu. Ukiacha mdomo mtupu utapata shimo ndani ya chubwi. Ng'ao ukishazimika usoni, hesabu polepole hadi kumi, fungua kalibu, chomoa ufito kwa koleo ukiuzungusha, weka chubwi juu ya ubao mkavu lipoe lenyewe.

Kata kichwa kwa msumeno wa chuma ukiwa juu ya gazeti, lainisha kingo kwa kisu badala ya tupa ili upate vipande badala ya vumbi. Kingo kali zitakata kamba, hivyo usiharakishe hapa.

Kuhusu idadi ya machubwi, usiige wavu wa jirani. Chukua boya lako moja, litundikie machubwi ndani ya maji hadi lianze kuzama. Hapo umejua nguvu yake. Jumla ya machubwi ya wavu wa kukaa chini ipite jumla ya nguvu za maboya yote, na wa kuelea iwe pungufu.

Maswali ya wanachama

*Mvuvi wa Usenge:* Fundi, risasi yangu imekuwa nzito kama uji na haiingii kwenye kalibu hata nikiongeza moto.

Kaka, hiyo imeingiwa na zinki. Usiendelee kuongeza moto, unajitengenezea moshi tu. Mimina yote kwenye kopo la chuma kikavu, iache igande, uiuze kama chakavu. Usiichanganye na nyingine.

*Mama wa Mbita:* Mume wangu hufanya kazi hii na kurudi na nguo zile zile. Nina mimba ya miezi mitano. Je, kuna shida?

Ndiyo, mama, na asante kwa kuuliza mapema. Vumbi la risasi huja na nguo, viatu na nywele. Risasi iliyo katika damu ya mama humfikia mtoto tumboni. Abadilishie nguo huko huko kazini, aoge kwa sabuni kabla ya kukukaribia, na nguo zile zifuliwe peke yake, wala si kwa mikono yako. Kliniki waeleze kazi yake waombe kipimo cha risasi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa.

*Fundi wa Kibuye:* Sisi hunywa maziwa baada ya kazi. Yanaondoa sumu, sivyo?

Hayaondoi, ndugu yangu. Mtu mwenye upungufu wa kalisi na chuma mwilini hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo maziwa, omena na mboga ni chakula kizuri kwako kila siku. Lakini glasi ya maziwa haifuti ulichovuta puani au ulichokula na mandazi kwa mikono isiyooshwa. Nawa kwa sabuni, sukutua mdomo, ndipo ule.

*Mwanachama wa Nakuru:* Mimi huyamwaga majivu nyuma ya nyumba, kuku huparua hapo. Ni vibaya?

Acha leo hii. Kuku hula udongo huo, na risasi huingia kwenye mayai mnayokula. Udongo wa hapo uuloweshe kidogo, uutoe na ufukiwe mbali na maji na mazao, na kuku wahamishwe. Majivu yakae kwenye mkebe uliofungwa hadi umpelekee mnunuzi wa chakavu mwenye leseni.

*Kijana wa Kakamega:* Naweza kutumia njia hii kusubu risasi za bunduki ya zamani?

Hapana, mdogo wangu, na sitalifundisha hilo hapa. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni kosa la jinai Kenya.

*Mvuvi wa Dunga:* Chubwi likikatika likabaki ziwani, linadhuru samaki?

Kipande kikubwa huyeyuka polepole sana majini. Wanaodhurika zaidi ni ndege wanaomeza vidogo wakidhani ni changarawe. Kwa sababu ya batamaji, Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 machubwi ya risasi ya takriban gramu 28 kushuka chini. Kwenye mafunjo yetu ndege ni wengi. Kwa mshipi mwepesi tumia chuma au jiwe, na lile la gramu 85 lipitishie kamba mara mbili kabla ya kufunga fundo.