Chapati laini: pumzisha madonge baada ya kuyazungusha

Wengi huupumzisha unga mara moja tu, baada ya kukanda, halafu chapati inarudi nyuma kila inaposukumwa. Pumziko la pili ndilo linaloleta ulaini. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano weka chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, na maji ya uvuguvugu kama mililita 300, ukiyamimina kidogo kidogo. Kanda dakika 10, funika dakika 30. Kata madonge 8. Sukuma kila moja, paka samli, viringisha liwe kamba, kisha lizungushe kama konokono na ncha uifiche chini. Hapo sasa yapake mafuta juu, yafunike, na uyaache dakika 20 kabla ya kuyasukuma mara ya mwisho.

Kuzungusha kunaukaza upya utando wa protini ya ngano. Donge lisipotulia linavutana, nawe unalikandamiza kwa nguvu mpaka tabaka zote zinashikana. Lililotulia linafunguka kwa mkono mwepesi, na samli inabaki katikati ya tabaka.

Mbinu hii haisaidii unga uliokandwa mkavu: ukibonyeza donge na pembeni pakapasuka, lilihitaji maji tangu mwanzo. Wala haiokoi chapati ya moto mdogo. Chuma kisipopata moto vizuri, chapati inakaa juu yake muda mrefu, inakauka na kukakamaa kabla haijapata madoa ya kahawia.